Mama mkwe anataka maji moto, mwanangu anataka barafu: nimsikilize nani?

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu za heshima. Ninakuandikia nikiwa nimeuinua mguu juu ya kiti, kwa sababu Jumatatu jioni, nikiwa ninashuka ngazi na beseni la nguo mikononi, nilikosa kipandio cha mwisho na mguu wangu wa kulia ukapinduka kwa ndani. Nilisikia maumivu makali upande wa nje wa kifundo, nikakaa chini kwa muda, kisha nikainuka na kuchechemea hadi chumbani bila kushikwa mkono.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye ninamheshimu kama mama aliyenizaa, alichemsha maji yenye chumvi, akachovya taulo, akanikanda kwa nguvu kwa muda mrefu, kisha akanichua kwa dawa ya kuchua yenye harufu kali na kunifunga kitambaa. Nilipata nafuu kidogo kabla ya kulala, lakini usiku ule mguu ulivimba hata kifundo kikawa hakionekani. Asubuhi mwanangu, ambaye anacheza mpira na anajiona nusu daktari, alimwambia bibi yake kwamba maji moto ndiyo yaliyoharibu mambo. Akaniletea pakiti ya barafu moja kwa moja kutoka kwenye friza na kuiweka juu ya ngozi. Kwa kuwa maumivu yalitulia, niliiacha hapo karibu saa nzima, na nilipoiondoa ngozi ilikuwa nyeupe na imekufa ganzi, kisha ikawa nyekundu na ikawa inanichomachoma mpaka jioni. Leo ni Alhamisi, uvimbe bado upo na pamegeuka rangi ya zambarau chini ya kifundo, ingawa ninatembea kwa kuchechemea.

Lipo na la shingo. Kazi yangu ni ushonaji, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiamka shingo na mabega yamekakamaa. Mwanangu alinishauri niweke barafu, nikaweka, na shingo ikakaza zaidi. Mama aliponikanda kwa taulo la moto niliweza kugeuza kichwa baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kila mmoja wao ana hoja yake, na kila jioni mezani wananihukumia kesi hiyo hiyo. Mama husema kwamba yeye analala kila usiku na chupa ya maji moto miguuni kwa sababu kisukari kinamfanya asikie baridi, na haijawahi kumdhuru, ingawa juzi nilipokuwa nikimsaidia kuvaa soksi niliona alama nyekundu kwenye kisigino ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameisikia.

Naomba unieleze ni wakati gani nitumie baridi na ni wakati gani nitumie joto, na kama ni kweli kwamba kubadilisha moja na jingine kwa zamu huponya haraka.

Wako, Mkwe aliye katikati.

JIBU

Dada mpendwa,

Pole sana kwa maumivu, na ahsante kwa kueleza kila kitu kwa mpangilio. Kesi ya barafu na maji moto nitaiamua, lakini naomba kwanza niishike ile sentensi yako kuhusu chupa ya Mama, kwa sababu katika barua yako yote hilo ndilo jambo lisiloweza kusubiri.

Kisukari cha miaka mingi mara nyingi huharibu mishipa ya fahamu, na uharibifu huo kwa kawaida huanzia kwenye vidole na nyayo. Mtu aliyefikia hapo anaweza kuhisi kwamba miguu yake ni ya baridi hata pale ambapo ukiigusa unaikuta ina joto la kawaida, na anaweza kuungua bila kusikia chochote. Wengi wetu tunadhani kwamba ngozi huunguzwa na maji yanayochemka tu, ilhali joto na muda hufanya kazi pamoja: maji ya nyuzijoto 60 humwunguza mtu mzima vibaya katika sekunde chache, na kitu chenye nyuzijoto 44 tu, ambacho kiganja hukiona kuwa ni cha kupendeza, kinaweza kuiunguza ngozi kikiachwa mahali pamoja kwa takriban saa sita, yaani kwa muda ambao mtu hulala usiku mmoja. Mwenye hisia kamili huusogeza mguu wake usingizini bila hata kujua, lakini asiye na hisia huuacha pale pale mpaka asubuhi.

Kwa hiyo alama ile ya kisigino ionyeshwe kwa daktari au muuguzi leo au kesho, hata kama haijatoa malengelenge, kwa kuwa jeraha dogo kwenye mguu wa mwenye kisukari linaweza kuwa kidonda kisichopona kwa miezi. Kuanzia usiku wa leo, chupa iwekwe kitandani mapema ili ipashe shuka joto, kisha iondolewe kabla Mama hajapanda, naye avae soksi laini zisizobana. Soksi hizo na miguu yenyewe ikaguliwe kila siku, pamoja na nyayo na katikati ya vidole. Nakushauri umwambie faraghani, si mezani mbele ya mjukuu wake, kwa sababu akilisikia jambo hili kama sehemu ya mabishano atalikataa kwa ajili ya heshima yake, na atakuwa amekataa kitu kingine kabisa.

Sasa tuje kwenye mguu wako. Kabla ya kuuliza kama ni barafu au maji moto, swali la kwanza huwa ni kama mfupa umevunjika. Madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni rahisi ambazo hutumika hadi leo kuamua ni nani mwenye kifundo kilichoteguka anayehitaji picha ya eksirei. Bonyeza kwa kidole ile mifupa miwili iliyochomoza pande mbili za kifundo, ukianzia ncha ya chini na kupanda kwenye ukingo wa nyuma kwa kiasi cha sentimita sita. Bonyeza pia katikati ya ukingo wa nje wa wayo, pale penye kinundu cha mfupa wa kidole cha mwisho, na upande wa ndani wa wayo, mbele kidogo ya kifundo. Ikiwa mfupa wenyewe unauma unapobonyezwa katika sehemu hizo, au kama hukuweza kupiga hatua nne mara baada ya kuumia na hata sasa huwezi, nenda ukapigwe picha. Umeniambia kwamba ulitembea mpaka chumbani na unaendelea kutembea, nayo ni dalili njema, lakini haikuondolei wajibu wa kubonyeza.

Ikiwa mfupa hauumi, basi kilichoumia bila shaka ni kano za upande wa nje, ambazo ndizo huumia mara nyingi mguu unapopinduka kwa ndani. Kano iliyoteguka hufanana na kamba ya katani ambayo baadhi ya nyuzi zake zimenyofoka, na pamoja nazo hupasuka mishipa midogo ya damu ambayo huvujisha damu na majimaji kwa saa nyingi baada ya ajali. Joto huitanua mishipa hiyo na kuongeza damu inayofika mahali pale, na kuchua kwa nguvu husukuma na kuvuta nyuzi ambazo ndiyo kwanza zimekatika. Mguu wako ungevimba kwa vyovyote vile, na kwa hiyo si haki kumtupia Mama lawama yote, lakini kukandwa kwa maji moto na kuchuliwa jioni ile ile kuliuongezea uvimbe. Rangi ya zambarau unayoiona chini ya kifundo ni damu iliyovuja ikateremka. Itageuka kuwa ya kijani, kisha ya manjano, na haihitaji tiba yoyote. Nafuu uliyoipata kabla ya kulala ilikuwa ya kweli pia, kwa kuwa joto hutuliza maumivu popote linapowekwa, na hilo ndilo linalowapoteza watu wengi.

Mwanao alikuwa sahihi kuhusu wakati, lakini alikosea namna. Baridi huisinyaza mishipa ya damu na kupunguza kasi ya mishipa ya fahamu inayobeba taarifa ya maumivu, na ndiyo maana sehemu iliyopozwa hufa ganzi. Hapo nataka niwe mwangalifu kidogo kuliko wapenzi wengi wa barafu. Daktari wa Marekani aitwaye Gabe Mirkin ndiye aliyeieneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua, na ni yeye huyo huyo aliyeandika mwaka 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha uponyaji, kwa sababu uvimbe wa mwanzo huleta chembechembe ambazo mwili huzihitaji kujitengeneza. Msimamo wangu ni kwamba barafu ni dawa ya maumivu, nayo ni nzuri kwa kazi hiyo katika siku mbili au tatu za mwanzo. Mtu asiyeipata hajapoteza uponyaji wake, na mtu anayeirundika mguuni kutwa nzima hapati faida ya ziada.

Pakiti inayotoka kwenye friza huwa na takriban nyuzijoto 18 chini ya sifuri, yaani ni baridi zaidi sana kuliko barafu inayoyeyuka, ambayo hubaki kwenye sifuri mpaka kipande cha mwisho kiishe. Wengine hudhani kwamba barafu iliyochanganyika na maji imeshapoteza nguvu, lakini katika kuyeyuka ndiko inakofanya kazi: kila kipande kinachoyeyuka hunyonya joto ambalo lingetosha kuyapandisha maji ya uzito ule ule kutoka nyuzijoto 0 hadi karibu nyuzijoto 80. Kwa hiyo vunja barafu vipande vidogo, viweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na maji kidogo, utoe hewa na kuufunga, kisha uuzungushie kitambaa chembamba kilicholoweshwa. Uache mguuni kwa dakika 10 hadi 15, na kamwe usizidishe 20, halafu uipumzishe ngozi kwa muda wa saa mbili kabla ya kurudia. Baada ya dakika tano za kwanza inua kitambaa utazame. Ngozi yenye wekundu hafifu haina tatizo, lakini ikiwa nyeupe, ngumu au yenye mabaka, ondoa mara moja. Utasikia kwanza baridi, kisha kuchomwachomwa, kisha maumivu mazito, na mwishoni ganzi, na ganzi ikifika, kazi imekwisha hata kama dakika hazijatimia. Usilale na barafu mwilini.

Kwa ile saa nzima uliyokaa na pakiti, ikiwa rangi ya ngozi imerudi, hisia zimerudi na hakuna malengelenge, umepona salama. Kama malengelenge yalitokea, au kama kuna sehemu ambayo mpaka leo haina hisia, ichukulie kama jeraha la moto na uionyeshe kwa mtaalamu wa afya. Wapo pia watu ambao barafu haiwafai hata ikifungwa vizuri, nao ni wenye hisia hafifu au mzunguko mbaya wa damu miguuni, wale ambao vidole vyao hugeuka vyeupe vikikutana na baridi, wale ambao miili yao hutoa vipele kwa baridi, na wenye selimundu, kwa kuwa baridi inaweza kuwaamshia maumivu yao makali. Mama yumo katika kundi la kwanza, na kwa hiyo asije akashawishika kuhamia kwenye barafu baada ya kunyang'anywa chupa.

Leo ni siku ya nne, na swali lako la haki ni kama sasa zamu ya joto imefika. Usihesabu siku peke yake. Weka mgongo wa mkono wako juu ya kifundo kilichoumia, kisha juu ya kile kizima, na ukikuta kilichoumia bado kina joto zaidi na uvimbe unaongezeka jioni, acha maji moto yasubiri. Joto likilingana na uvimbe ukipungua, unaweza kuukanda kwa maji ya vuguvugu kabla ya mazoezi, na mazoezi ndiyo ninayoyaamini kuliko barafu na maji moto vikiwekwa pamoja. Ukiwa umekaa, tumia kidole gumba cha mguu kuandika herufi hewani kutoka A hadi Z mara kadhaa kwa siku, ukiishia pale maumivu yanapoanza kupanda. Ukitembea, jitahidi kukanyaga kwa kisigino kwanza badala ya kuburuta mguu. Utakapoweza kusimama bila maumivu, simama kwa mguu huo mmoja ukiwa karibu na ukuta, kwa sababu kano iliyoteguka hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuutambulisha mwili mahali mguu ulipo, na wasioufunza upya ndio wanaorudia kuteguka mahali pale pale. Unapopumzika, lala mguu ukiwa juu ya mito hadi upite usawa wa moyo. Kiti ulichonitajia hakitoshi ikiwa umekaa wima. Bandeji, ukiitumia, iwe ya kuvutika na uifungue usiku, na vidole vikiwa vya bluu au baridi ujue umeikaza mno.

Shingo ni kesi nyingine kabisa, na hapo ushindi ni wa Mama. Hakuna kilichochanika shingoni mwako wala mshipa unaovuja. Kuna misuli iliyokaa katika mkazo mmoja kwa saa nyingi huku kichwa kikiwa kimeinamia cherehani, na msuli uliokaza ukipewa baridi unaweza kukaza zaidi. Joto huulegeza, huongeza damu, na huzifanya nyuzi zinazouzunguka zivutike kwa urahisi. Tumia taulo lililoloweshwa maji ya moto na kukamuliwa vizuri, lenye joto ambalo mkono unalivumilia bila kujikaza, kwa dakika 15 hadi 20. Kisha, na hili ndilo watu husahau, igeuze shingo taratibu kulia, kushoto, chini na juu wakati bado ina joto, kwa kuwa ukingoja ipoe nafasi hiyo imepita. Ukiona ngozi inaanza kuweka michoro ya kahawia yenye umbo la wavu, hiyo ni alama ya joto lililorudiwa mno, nawe ulipunguze. Hata hivyo taulo halitashindana na saa nane za kuinama, kwa hiyo inua kazi yako ikaribie macho na usimame kila nusu saa. Ganzi au udhaifu ukishuka mkononi, acha kukanda na umwone daktari.

Kuhusu dawa ya kuchua, ujue kwamba nyingi kati ya hizo hazipashi joto wala hazipozi. Mentholi huviamsha vipokezi vya baridi vilivyo kwenye ngozi, na kiini cha ukali wa pilipili huviamsha vile vya joto, huku halijoto ya mwili ikibaki ilivyokuwa. David Julius na Ardem Patapoutian, waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, walivigundua baadhi ya vipokezi hivyo kwa kutumia vitu hivyo hivyo. Hakuna ubaya wa kupata nafuu kwa njia hiyo, mradi usipake juu ya ngozi iliyochubuka, na usiweke juu yake taulo la moto, chupa au bandeji ya kubana, kwa kuwa mchanganyiko huo umewaunguza watu. Jioni ile Mama alikukanda, akapaka na kufunga, na ni bahati kwamba ngozi ilivumilia.

Kubadilisha joto na baridi kwa zamu hakuna muujiza. Kwa jeraha la zamani lililokakamaa, anayeona kunamfaa aendelee, lakini kwa kifundo cha wiki hii sikushauri.

Mwanao naye ana la kufanyia kazi. Wachezaji wengi huumia, huweka barafu mpaka mahali pafe ganzi, kisha hurudi uwanjani kwa kuwa hawasikii tena maumivu, ilhali kano imebaki vile vile na mguu uliopozwa haujui vizuri unakanyaga wapi. Anapotumia barafu iwe ni baada ya mchezo, na asiifunge juu ya upande wa nje wa goti, chini kidogo ya goti lenyewe, wala upande wa ndani wa kiwiko, kwa sababu hapo mshipa mkubwa wa fahamu hupita karibu kabisa na ngozi na wapo waliopata udhaifu wa mguu au mkono kwa wiki kadhaa kutokana na barafu tu. Wewe mwenyewe, ikiwa baada ya wiki moja bado huwezi kukanyaga sawasawa, au shavu la mguu likianza kuvimba, kuuma na kuwa na joto hata kama kifundo kinapungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja jibu langu.